Dawa Nyeupe na Vidole vya Miguu

Sijutii. Kuna waliosema nilimvunjia daktari heshima mbele ya mgonjwa, na ni kweli nilimvunjia.

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi wa kulaza wagonjwa usingizi katika hospitali moja ndogo huko Migori. Mimi ni mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, na kwetu mtu akiumia hupiga kelele hadi majirani waje. Wagonjwa wangu wengi walikuwa Wakuria wa Kehancha, watu waliofundishwa tangu ujanani kutopepesa hata ukope mbele ya kisu cha tohara. Tulipoletewa dawa mpya ya usingizi, nyeupe kama maziwa, niliidunga kwenye mgongo wa kiganja, mshipa wowote uliojitokeza. Hakuna aliyelia. Nikawa naandika kwenye faili: hakuna maumivu. Ujinga huo ni wangu, simsingizii mtu.

Kisha akaja mama mmoja wa Kehancha, kidonda kimemla mguu. Nilipomdunga, vidole vya mguu wake mzima, ule usio na kidonda, vilijikunja. Nikadhani ni baridi. Kidonda kilisafishwa, lakini ilibidi kisafishwe tena baada ya siku mbili, la sivyo mguu ungekatwa. Akakataa kurudi.

"Si kisu naogopa, sista," aliniambia wodini. "Mimi sijawahi kulia, hata nikizaa. Lakini ile maziwa yako ilinichoma mkono mpaka kwa bega. Heri mguu ikatwe."

Nilishikwa na aibu, halafu hasira. Wangapi walikuwa wameungua kimya mikononi mwangu? Nikamwahidi kwamba haitamchoma tena. Akanitazama sana, kisha akakubali.

Siku hiyo ilipofika nilimfunga mkono kwa ukanda niliokata kwenye glavu, nikadunga kwanza ganzi kidogo mshipani, ileile ya kushonea vidonda. Inatakiwa ikae humo dakika nzima, ukanda ukiizuia, ndipo dawa nyeupe ifuate. Daktari alikuwa ameshavaa glavu.

"Sista, unangoja nini? Huchoma sekunde kumi tu. Akiamka hatakumbuka."

"Alikumbuka," nikamjibu. "Ndiyo maana nusura apoteze mguu."

"Hapa ndani msimamizi ni mimi."

"Simamia, daktari. Dakika yangu haijaisha."

Nilitazama saa ya ukutani mpaka mshale wa sekunde ukamaliza mzunguko, wala sikuuharakisha kwa macho. Nikafungua ukanda, nikaanza kusukuma ile dawa nyeupe polepole. Sikumwangalia mama usoni, maana uso wake usingeniambia kitu. Nilifunua shuka nikatazama vidole vya ule mguu mzima. Vilikuwa vimelala tu.

"Sista," mama akasema, ulimi umeshaanza kuwa mzito, "sasa utaanza saa ngapi?"