Jepe ya Risasi Kumi na Tano

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto kwa sababu ya jambo nililomfundisha mimi, na nusura apoteze kazi yake ya polisi kwa sababu hakutaka kulisema. Nitaeleza polepole. Si jambo gumu. Hata wewe ambaye hujawahi kushika bastola utalielewa.

Nilikuwa fundi wa silaha jeshini kwa miaka mingi. Bastola niliyoijua kuliko zote ni ile ya Kibelgiji tuliyoiita jepe. Ilibeba risasi kumi na tatu ndani ya sharjeri, yaani kile kisanduku chembamba kinachoingia kwenye mpini. Na ilikuwa na tabia moja: ukitoa sharjeri, kifyatulio kinakufa. Hata kama risasi moja imebaki juu, ndani ya chemba, utabonyeza wee, haitapiga. Kazi hiyo hufanywa na kipande kidogo cha chuma kilichojificha kwenye kifyatulio, si kikubwa kuliko ukucha.

Mwaka jana mkwe wangu alipangiwa kusindikiza mashua za ziwani zinazokwenda Moba, akapewa bastola. Jumapili baada ya misa alikuja nayo nyumbani, imeviringishwa kwenye taulo, akaniomba nimwonyeshe namna ya kuitunza. Nilipoifungua nilifurahi. Ilikuwa jepe, lakini mpya kabisa, nyeusi, haina mkwaruzo hata mmoja. Ni nakala. Siku hizi viwanda vya nchi nyingine vinaunda upya bastola za zamani, umbo lile lile, uzito karibu ule ule. Sharjeri yake ilikuwa ya risasi kumi na tano.

"Ona," nikasema, "wametuongezea mbili."

Mke wangu, aliyekuwa anasonga bukari uani, akauliza kama hizo mbili zinaliwa na mboga ya sombe.

Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza: kama wamebadilisha sharjeri, wamebadilisha nini kingine? Sikujiuliza. Nilikuwa nimeishika mkononi na mkono wangu uliikubali.

Kambini sikuwahi kufundisha kwa mdomo peke yake. Nilimpa kila kuruta silaha tupu, nikamwambia ajaribu mwenyewe mpaka achoke. Lakini mkwe si kuruta. Kwetu mkwe hukaa mbali kidogo na baba mkwe, hamtazami usoni, hambishii. Na baba mkwe naye hamwamuru kama mtoto. Kwa hiyo mimi nilikaa kwenye kiti changu nikasema, naye alikaa kwenye chake, mikono juu ya magoti, akasikiliza.

"Kwanza sharjeri. Ukishaitoa, kifyatulio kimekufa. Halafu vuta chuma cha juu nyuma, angalia ndani kama hakuna risasi iliyobaki."

"Ndiyo, Papa."

"Umeelewa vizuri. Utanipita."

Nilisema yote mawili, hilo ni kweli. Lakini mtu akishaambiwa kwamba la kwanza linatosha, la pili hulifanya siku anapolikumbuka.

Miezi miwili baadaye, asubuhi, kwenye posti ya polisi bandarini, alitoa sharjeri, akaiweka mezani, akaanza kuipangusa bastola kwa kitambaa. Mkono wa kushoto ulikuwa mbele ya mdomo wa mtutu. Ndani ya chemba risasi moja ilikuwa imebaki, na kitambaa kilipokivuta kifyatulio, ilipiga.

Nilienda hospitali, nikakaa kwenye benchi, nikarudi. Nililisha kuku. Binti yangu alikuja analia, nami nikamweleza kwamba maji ya kuoshea kidonda yachemshwe kwanza, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Niliona kwamba alikuwa anangoja kitu kingine kutoka kwangu, na nilikitafuta, hakikuwepo.

Ni yeye aliyeniambia juu ya proseverbali, ile taarifa ya tukio inayoandikwa polisi. Mume wake alikuwa ameandika kwa mkono wake mzima: nilisahau kutoa sharjeri. Huo ni uzembe, na kwa uzembe polisi anafukuzwa. Lakini mwenzake wa posti alikuwa amemwambia binti yangu kwamba sharjeri ilikuwa mezani, aliiona.

Nilimuuliza mkwe akiwa kitandani.

"Sharjeri ilikuwa wapi?"

"Mezani, Papa."

"Kwa nini umeandika ilikuwa ndani?"

Aliangalia ukuta. "Ningeandika niliitoa, wangeniuliza nani alinifundisha kwamba inatosha."

Ndipo akaongeza, taratibu sana, "Siku ile nilipofika nyumbani niliijaribu, tupu, bila sharjeri. Ililia ta. Nikafikiri inalia tu, lakini haipigi. Nilitaka kurudi kukuuliza. Ningekuambia nini, Papa?"

Nilitarajia kupatwa na aibu, au machozi. Havikuja. Nilimrekebishia shuka.

Kesho yake nilikwenda ofisini, kwenye biro ya komanda wake, mtu wa makamo, mcheshi, aliyenisemesha kwa wingi kwa heshima.

"Ah, Papa! Mumekuja kumuombea mukwe? Bibi yake njo amewatuma?"

"Binti yangu hajanituma. Nimekuja kueleza bastola."

Akaitoa kabatini. Nilihakikisha ni tupu, nikaifungua juu ya meza yake, nikamwonyesha mahali ambapo kile kipande kingekuwa. Nilimweleza kwamba kipande hicho hufanya kifyatulio kiwe kigumu, wapigaji wakalalamika, basi waliounda nakala hii wakakiacha. Nikamwambia mkwe wangu alitoa sharjeri kama nilivyomfundisha, na nilimfundisha vibaya.

"Papa, munajua nikiandika hivyo, kosa linakuwa lenu?"

"Andika."

Hakuandika. Alichomoa bastola yake kiunoni. Ilikuwa dada ya ile, nakala kama hiyo. Akatoa sharjeri, akavuta, risasi ikaanguka mezani, akachungulia ndani mara mbili. Kisha akaielekeza kwenye ndoo ya mchanga pembeni na kubonyeza. Ta.

"Na mimi nilifundishwa hivyo hivyo," akasema. Ucheshi ulikuwa umemtoka. Akavuta proseverbali, akafuta kwa mistari miwili neno uzembe aliloliandika yeye, akaandika niliyosema, akanipa kalamu niweke sahihi chini ya maneno yangu.

Mkwe wangu bado ni polisi. Anaandika majina ya abiria bandarini. Juzi alikuja kunifungia paneli ya jua juu ya bati, nami nikaanza kumweleza waya upi unaanza. Alisubiri nimalize, kwa heshima ile ile. Kisha akashuka, akachukua taa ndogo ya kupimia, akagusa waya mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yangu.

"Papa, ni huu mwingine," akasema, akinitazama usoni.

Nikamwambia aendelee.