Siku Timu ya Baba Ilipochapwa

Nyumba ile ya mtaa wa Al-Rawdah, hapa Jeddah, ilinichukua kwa sababu ya lugha. Mama wa mwenye nyumba, ambaye mimi humwita Baba, alizaliwa Unguja akaja huku na mumewe angali kijana, baada ya mapinduzi. Kadiri alivyozeeka, Kiarabu kilimtoka kidogo kidogo, Kiswahili kikabaki. Madam, mkwe wake, hakukijua. Basi wakaagiza msichana kutoka Kenya, nikapatikana mimi, mtu wa Nakuru. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha Bibi, kumlisha na kuzungumza naye.

"Kiswahili chako kikavu," aliniambia siku ya kwanza, "lakini kitafaa."

Baba alisoma Marekani ujanani, akarudi na mapenzi ya mpira wa kule, ule wa kushikwa kwa mikono na kuvaliwa kofia ngumu. Fainali yao huchezwa wakati sisi huku tumelala. Baba hakeshi. Huirekodi, huenda kazini simu ameizima asije akasikia matokeo, na baada ya alasiri ndipo huketi kuiangalia. Miaka yote aliiangalia na rafiki yake aliyesoma naye, mtu wa Riyadh aliyekulia mtaa wa Shumaisi. Mwaka mmoja rafiki huja Jeddah, mwaka wa pili Baba huenda Riyadh.

Mwaka ninaousimulia ilikuwa zamu ya rafiki kuja, lakini hakuja. Kijana wake alikuwa amemposa binti ya Baba, posa ikavunjika, na wazee wawili wakaambiana maneno mabaya kwenye simu. Vijana wenyewe walishasahau. Wazee ndio waliobaki wamenuniana. Na kama kwa makusudi, timu zilizofika fainali zilikuwa zao hao wawili: moja Baba aliipenda tangu chuoni, nyingine ndiyo ya rafiki yake.

Nilipika mabawa ya kuku na sambusa kama miaka mingine. Nilipoingiza sinia, nikamkuta Baba peke yake kwenye sebule kubwa ya wageni, ameketi ukingoni mwa kochi. Nikarudi chumbani kwa Bibi nikamwambia.

"Peke yake?" akasema. "Yalla, nisukume twende."

Nikamsukuma na kiti chake cha magurudumu hadi mbele ya televisheni. Nilitaka kuondoka, akanishika mkono. "Kaa. Nani atanieleza?"

Nikamtazama Baba. Akaniashiria niketi. Sikuwahi kukalia kochi lile.

"Mpira gani huu kama papai?" Bibi akauliza.

Baba akacheka kidogo. Akamweleza kwa Kiswahili chake cha utotoni kwamba kila upande hupewa nafasi nne za kusogea yadi kumi, ukishindwa unampa mwenzio mpira.

"Wako wepi?"

"Wale wa jezi nyeupe, Mama."

"Mbona hawasogei?"

Kweli hawakusogea. Kila mrushaji wao aliposhika mpira, majitu mawili matatu yalimwangukia. Alikuwa kijana mwembamba ukimlinganisha na wale. Akiinuka, ana nyasi kwenye kofia. Anarusha, mtu wa upande wa pili anaudaka na kukimbia nao. Wapinzani waliongeza alama, wakaongeza tena. Hata mimi nisiyejua kitu niliona mchezo umeisha kabla ya kufika nusu. Jezi nyeupe walikwenda mapumziko bila alama hata moja.

Baba hakugusa kuku. "Halas," akasema, akachukua rimoti.

Lakini hapo uwanja ukazimwa taa, ukawashwa upya kwa rangi. Jukwaa likatokea katikati ya nyasi, mwimbaji mwanamke akapanda, na nyuma yake wachezaji ngoma wengi, wamevaa sare moja ya kumetameta. Nguo zenyewe zilikuwa fupi. Baba akaona haya mbele ya mama yake, akainua rimoti.

"Wacha nione," Bibi akasema.

Akaangalia bila kupepesa macho. Vidole vyake vilikuwa vinafuata mdundo juu ya paja. "Yule wa nyuma, kushoto, kapotea hatua," akaniambia. Nami nilikuwa nimemwona.

Kisha akaanza kusimulia, macho yakiwa bado kwenye televisheni. Alipokuwa mwari alicheza lelemama, ngoma ya wanawake, katika kikundi cha mtaani kwao. Kulikuwa na kikundi kingine mtaa wa pili, na wakishindana mji mzima hutoka kutazama, kila upande na sare yake na nyimbo za kumkejeli mwenzake.

"Mwaka mmoja wakatushinda ushinde mbaya," akasema. "Sare zao nzuri, sauti zao nzuri. Sie mtungaji wetu kaumwa, nyimbo tukazisahau katikati. Watu wakatuzomea."

"Mkakimbia?" nikauliza.

"Tukimbilie wapi? Tulimaliza. Halafu tukenda kwao na sare zetu mwilini kuwapa hongera. N'nalia, lakini n'nakwenda. Na yule kiongozi wao ndiye alokuja kunitia hina siku ya harusi yangu."

Baba alikuwa amegeuka anamtazama. "Hujawahi kunambia hayo, Mama."

"Hujawahi kuniuliza."

Baba akaweka rimoti chini. Tukaangalia kipindi cha pili chote, na kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Karibu na mwisho, wakati haikuwa na faida yoyote tena, yule mrushaji mwembamba akapata upenyo, akarusha mpira mrefu, na mwenzake akaanguka nao ndani ya mstari wa mwisho, wakapata alama. Bibi akapiga kigelegele. Nami nikapiga. Madam akaja mlangoni kuuliza kuna nini, akatukuta watatu tunacheka.

Mchezo ulipokwisha, Bibi akasema, "Walioshinda si ndo timu ya mwenzio wa Riyadh?"

Baba akaitika kwa kichwa.

"Mpigie."

"Yeye ndiye apige, Mama. Yeye ndiye aliyenivunjia heshima."

"Yeye hawezi leo. Akipiga leo itakuwa anakucheka. Wewe ulieshindwa ndo mwenye ruhusa."

Baba akawasha simu, akapiga. Ilipopokelewa hakusalimu hata vizuri, alisema tu kwa Kiarabu, "Mabruk, timu yako imetuua." Nikasikia sauti nene ikijibu upande wa pili, na uso wa Baba ukalegea. Alipokata simu alitutafsiria bila mtu kumwomba: rafiki yake alikuwa ameizima televisheni wakati wa mapumziko. Timu yake inaongoza, lakini hana wa kumtania.

Mwisho wa wiki ile rafiki alikuja kwa ndege, na boksi la tende za Riyadh mkononi. Alimbusu Bibi kichwani, akaomba radhi kwa kupotea. Posa hawakuigusa. Waliketi kochi moja wakafungulia kipindi cha pili cha fainali ile, ingawa wote walijua mwisho wake, na Baba alitaniwa mpaka akatokwa na machozi ya kicheko. Bibi alisinzia kitini mapema. Mgeni ndiye aliyemwona, akapunguza sauti ya televisheni, nami nikamfunika Bibi miguu kwa shali.