Sufuria ya Bure

Mwaliko ulipokuja mara ya kwanza niliufuta. Mtu yeyote mwenye akili angeufuta. Barua pepe inayosema umechaguliwa, utaletewa vitu nyumbani bila kulipa, wewe bonyeza hapa tu: hiyo ni kazi ya matapeli. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonya akina mama wa msikitini, kwenye kundi letu la simu, wasibonyeze wasichokijua, na waliobonyeza niliwakaripia bila huruma. Ningeuweka wapi uso wangu kama ningenaswa mimi?

Ukaja tena. Safari hii niliutazama kama unavyomtazama mgeni aliyesimama mlangoni na hataki kusema shida yake. Mwishowe nikafanya kile nilichowafundisha wenzangu: nikaiacha barua kama ilivyo, nikaingia kwenye lile duka la mtandaoni kwa njia yangu ya kila siku, nikafungua akaunti yangu. Mwaliko ulikuwa pale pale unanisubiri. Ulikuwa wa kweli, na hilo likanitia wasiwasi zaidi.

Walinichagua kwa sababu ya ulalamishi wangu. Nilikuwa nikinunua kitu, birika la umeme au taa ya kusomea, na kikiwa kibovu naandika ubovu wake wote bila kubakisha. Wasomaji nisiowajua wakawa wanabonyeza kwamba maoni yangu yamewasaidia. Kinywa hiki utotoni kwetu Isiolo kilinipatia fimbo; huku Birmingham kikanipatia mwaliko. Duka lilikuwa na kikundi chake cha wakaguzi ambacho huombi kuingia, unaitwa. Ukishaitwa unachagua vitu, unaletewa bure, unavitumia, unaandika ukweli. Sharti lilikuwa moja, na walilikoleza kwa herufi nzito: kitu ni cha kutumia mwenyewe, usikiuze wala usimpe mtu mpaka miezi sita ipite.

Nikakubali, huku nikijiambia kwamba rahisi huvunja upishi, na hii hata si rahisi, ni bure kabisa.

Tulikuwa tukikaa Winson Green wakati huo, mimi na mama yangu, kwenye nyumba za kushikana, ukuta wa gereza ukionekana kutoka dirisha la juu. Mama alikuwa ameanza kusahau. Alisahau jiko likiwaka, alisahau kama amekula, na siku nyingine alinisahau mimi. Kazi yangu ilikuwa kufua na kukunja mashuka ya hospitali upande wa Edgbaston, na nisingeweza kutoka asubuhi kama si jirani wa mlango wa pili, Mkongomani wa Bukavu, mama wa kanisa, aliyepitia kambi za wakimbizi kabla ya kufika hapa. Alikuwa na ufunguo wetu. Akishawapeleka watoto wake shule alikuja kukaa na mama, wakaongea Kiswahili, kila mmoja na chake, wakacheka mambo ambayo hawakuwahi kunieleza. Bila yeye ningeacha kazi, au ningempeleka mama mahali pa kulelewa na watu wasiojua hata kumsalimia. Nililijua hilo kila nilipofunga mlango.

Maboksi yakaanza. Gari la mizigo lilisimama kwetu mara nyingi hata mtaa ukaanza kuchungulia nyuma ya mapazia. Karibu na gereza, nyumba inayopokea vifurushi kila siku watu huipa maelezo yao wenyewe, na si mazuri. Jirani ndiye aliyekuwa akiyapokea na kuyapanga kwenye korido. Mimi nikirudi nilisoma Ayatul Kursi kwanza, ndipo nikakata utepe. Sikuwaamini wale watu. Hakuna anayekupa blenda kwa sababu anapenda maandishi yako.

Kisha nikaona doa. Lilikuwa kwenye pembe ya boksi, doa la mafuta, ukubwa wa kidole gumba. Nikadhani ni mikono ya jikoni. Boksi lililofuata nalo lilikuwa na doa, pembe ile ile, na lililofuata vile vile. Nikakagua utepe kama umebanduliwa, haukuguswa. Nikalishuku duka, kwamba ni alama yao ya kunifuatilia, na usinicheke, mwenye mashaka hana mahali pa kusimama. Nikanusa. Yalikuwa mafuta ya zeituni.

Siku zile jirani naye alikuwa amebadilika. Alikuja amechelewa, akakaa na koti lake mwilini, macho kwenye korido. Jioni moja nilimkuta amesimama karibu na mlango, ufunguo wetu mkononi.

"Voisine," akasema, yaani jirani, "kesho miye sitakuya."

"Kuna nini? Watoto ni wagonjwa?"

"Hapana. Ni ile makartoni. Inatoka wapi?"

"Ni za duka la online. Wananitumia bure, mimi nawaandikia review tu."

"Bure? Gratuit?"

"Bure."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu nasema ukweli."

"Na tangu lini bazungu banalipa mutu juu ya kusema ukweli?"

Swali hilo nilikuwa nalo mwenyewe tangu mwanzo. Nikatoa simu nikamwonyesha ule mwaliko, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Alisoma kwamba nimechaguliwa, akanirudishia simu kwa vidole viwili. Ni mimi niliyemfundisha kuzifuta barua za namna hiyo.

"Sawa," akasema. "Kama ni bure, na hauna mubaya, mbona hata kijiko haujanipatia? Na miye njo napokea."

"Siruhusiwi. Wamekataza, siwezi kumpa mtu."

"Unaona." Hakupandisha sauti. "Kitu yenye mutu hawezi kupatia jirani, ao balikiiba, ao iko na mwenyewe, siku moja atakuya kukitafuta. Kule kwetu batu balipewaka vitu ya bure. Kisha benye kupana bakakuya. Juu ya ile ninatiaka mafuta ya maombi kwa kila kartoni. Nilizani itatosha. Haitoshi. Na mama yako analala humu ndani."

Akaweka ufunguo juu ya rafu ya viatu, akaenda kwake.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kumwacha mama, nikalikasirikia duka na herufi zake nzito. Nikachukua likizo ya siku chache niliyokuwa nayo, nikakaa nyumbani na mama na maboksi. Mama aliuliza, "Yule dada yuko wapi?" Nikamwambia atakuja. Baada ya muda akauliza tena. Nilipompa chakula alikigusa na kijiko, akakisukuma kando, akageukia mlango. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu alinywa chai tu. Niliogopa. Likizo ilikuwa inaisha, na mama alikuwa anapungua mbele ya macho yangu.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba jirani alikuwa na haki ya kushuku. Kwetu, harufu ya chakula ikivuka ukuta, sahani huifuata. Asiyepitisha sahani ana jambo analolificha. Mama yangu ndivyo alivyonifunza, na ningeona mtu anapokea maboksi bila kumwonjesha jirani, ningemsema kwenye kundi la simu kabla jua halijatua.

Asubuhi ya mwisho ya likizo gari likasimama tena. Nilikuwa nimeagiza sufuria kabla ya haya yote, na ndiyo hiyo ikaletwa: ya chuma cha pua, kitako kinene, kubwa ya kupikia watu. Nikaitazama. Hawa watu wa duka wanajua nilichokitazama jana kwenye simu nikiwa kitandani. Wangeshindwa kujua sufuria imelala nyumba ya nani? Nikawaza hivyo huku naosha mchele. Nikapika pilau ndani yake, nikaifunika, nikaibeba yote mpaka mlango wa pili.

Jirani akafungua, akaitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Sikupi," nikamwambia. "Sijakupa. Itumie, halafu utairudisha."

Aliipokea, akaiinua kupima uzito, akagonga ubavu wake kwa kucha. "Iko nzito," akasema. Akashukuru, akafunga mlango.

Nilirudi sijui lolote. Nilishuku ataimwaga pilau. Nilishuku ataosha mikono kwa kuigusa tu.

Asubuhi nikiwa nimevaa viatu vya kazini, sijui hata nitamwacha mama na nani, mlango ukagongwa. Jirani alikuwa amesimama pale na ile sufuria, imejaa sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, mvuke unatoka pembeni. Kwenye kifuniko palikuwa na doa la mafuta, ukubwa wa kidole gumba. Akapita, akaiweka mezani, akavua koti. Akarudi kwenye rafu ya viatu, akauchukua ufunguo, akautia mfukoni.

Mama alikula. Alikula sombe mpaka akaomba tena, mwanamke ambaye majani hayo hakuyajua maisha yake yote. Asubuhi ile ile alikuwa ameniuliza mimi ni binti wa nani. Alipofuta mdomo akanitazama kwa ukali wake wa zamani.

"Nani amepika?"

"Jirani."

"Basi sufuria ya watu isirudi tupu."

Nikawapigia kazini nikawaambia nitachelewa. Nikavuta unga, nikakanda mahamri nikiwa na viatu vyangu miguuni, na wale wawili wakicheka nyuma yangu kwa jambo ambalo hawakunieleza. Maoni ya sufuria niliyaandika baadaye: kitako kizuri, kifuniko kinalegea, nyota nne.