Siku Chuma Alipoitwa kwa Daktari wa Akili

Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli tulimwita Chuma. Jina alilipata siku mvuke wa mashine ya pasi ulipomuunguza mkono. Aliufunga kwa kitambaa akamaliza zamu, huku akitutania kwamba tunakunja shuka kama watu wanaoogopa kuziamsha. Mimi nilisimama upande wa pili wa meza ile ile kila siku, na nasema wazi: nilimpenda, lakini ule ugumu wake ulinikera.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Watu wa Uhamiaji walimtaka arudi kwao, ingawa mke na watoto waliruhusiwa kubaki. Wakili akasema imebaki njia moja tu: jaji aone kwamba fundi akiondoka, familia itaumia kweli kweli. Kwa hiyo Chuma aende kwa mwanasaikolojia, wazungumze, kisha iandikwe ripoti.

Katika maneno yote hayo, Chuma aliondoka na moja tu kichwani: daktari wa akili.

"Wanataka kujua kama nina kichaa," aliniambia tukiwa tumeshika shuka huku na huku. "Wakikiona, watatufukuza sote. Watanikoma! Hawataona hata ufa."

"Dada, sidhani kama ndivyo."

"Wewe unajua nini? Vuta shuka."

Akaenda amejipamba kama anatambulishwa ukweni, gauni limenyooka, viatu vinang'aa. Kesho yake alinisimulia kwa mbwembwe. Mwanasaikolojia, mama wa watu, kamuuliza, unalala vipi? Kama mtoto mchanga. Unakula? Sahani ndiyo huwa naiacha. Na mumeo akiondoka? Nitajifunga kibwebwe, maisha yaendelee.

"Akasemaje?" nikauliza.

Hapo mbwembwe zikakatika. "Akasema haongezi chumvi. Ataandika nilivyosema, na nikisema niko sawa, jaji hatakuwa na sababu ya kumzuia mume wangu. Kanipa nafasi nyingine moja, nifikirie kwanza."

Nikashusha shuka mezani. Hasira zilinipanda, sikuzificha.

"Nani anayejifungia stoo ya taulo kila gari likipiga breki nje? Nani anampigia mumewe simu, akisikia 'haloo' tu, akajua hajachukuliwa, anakata? Unadhani sisi hatuna macho?"

Mashine zilinguruma, naye akawa analainisha kwa kiganja shuka ambayo haikuwa hata na kunyanzi. Mwisho akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mumewe mwenyewe alikuwa amechoka na kesi. Alikwisha kuchukua karatasi ya kuondoka kwa hiari, imebaki kusaini tu. Kila akimwuliza mkewe, anajibiwa hakuna shida, na yeye anasema, "Wewe ni chuma, utaweza."

"Basi kamwambie huwezi," nikamwambia.

"Sijui inasemwaje," akajibu. Halafu akashika ncha za shuka. "Lakini nitasema. Hata kama ni kwa kulia kama mbuzi, nitasema."

Siku ya miadi ya pili hakujipamba. Nilimsindikiza moja kwa moja kutoka kazini, yeye na gauni la kazi, limekunjamana, lina doa la sabuni kifuani. Mumewe alikuwa ametangulia kwa mwanasaikolojia, kakaa kwenye benchi la nje na ile karatasi mapajani. Chuma alimpita bila kusalimia, akaingia, mlango ukafungwa. Nikakaa kando ya fundi.

"Shemeji," akaniambia, "nikishaondoka mtamtupia macho. Si kwamba atahitaji. Mwenyewe unamjua."

Nilitamani kumzaba kofi. Lakini ya Chuma hayakuwa yangu kuyasema.

Tulikaa mpaka kivuli cha dirisha kikahamia ukuta wa pili. Mlango ulipofunguka, Chuma alitoka macho yamevimba, mwanasaikolojia nyuma yake. Fundi akainuka.

"Habari za huko ndani?"

"Mbaya."

Miaka yote ya kazi sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Fundi naye alimtazama kama mtu aliyekosea nyumba.

"Mbaya sana, baba watoto. Silali. Najilaza na viatu miguuni, nikisikia hodi nikimbilie mlango kabla hujaamka. Ukiondoka nitavunjika. Na usithubutu kuniambia nitaweza, maana siwezi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, nawe umeshaniita chuma?"

Fundi aliilaza karatasi kwenye benchi kwa mikono yake mikubwa yenye makovu ya cheche. Kisha akamgeukia mwanasaikolojia.

"Mama, na mimi kuna mambo sijayasema. Mtu anaweza kuingia hivi hivi, bila kuitwa?"

Yule mama akasogea pembeni kumpisha. Fundi akaingia bila kuangalia nyuma, mlango ukafungwa. Karatasi yake ilibaki kwenye benchi.

Chuma aliitazama. Akaikalia. Kisha akainama, akavua viatu kimoja kimoja, akaniegemea begani, na kabla sijapata la kumwambia alikuwa anakoroma.