Majani Yaliyofunga Njia

Harufu ya majani yanayooza baada ya mvua bado hunirudisha utotoni. Ni harufu ya msitu wa serikali, ng'ambo ya mji wa Komanda, ambako mwalimu wetu wa katekisimu alitupeleka kutembea kwa miguu likizo kubwa, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa watoto ishirini wa kwetu Shari, wengi wa familia za wafanyabiashara waliokimbia vita vya Kivu ya Kaskazini. Nyumbani tulifundishwa kutomwamini mtu ambaye hatujui babu yake alitoka wapi. Kikulacho ki nguoni mwako, mama alituambia kila mgeni alipoondoka.

Aliyetuongoza aliitwa Papa Abeli, mtu wa msituni, mfupi, mkimya, mwenye panga lililochakaa. Sisi wenye mbio tulikwenda naye mbele. Mwalimu alibaki nyuma na waliochoka, pamoja na dada yangu Neema, aliyeumwa kisigino. Miti ilifunga anga, maji yalidondoka ingawa mvua ilikuwa imekwisha, na mimi sikuondoa macho mgongoni mwa yule mtu. Kila njia ilipogawanyika, alikata tawi lenye majani, akalilaza chini likikatiza njia moja, kisha akashika nyingine bila kusema neno.

"Ona, iko nawekea benzake alama," rafiki yangu Dieudonné alininong'oneza.

"Benzake gani?"

"Weye mutoto kweli! Wale ba bunduki."

Alicheka, alikuwa akinitania. Mimi sikucheka. Nilijifanya nafunga kamba za viatu, nikabaki nyuma kidogo, nikalitupa tawi vichakani. Nilifanya hivyo mara tatu, na kila mara nilijiona nimewaokoa wote.

Tulipofika kwenye kijito tulikaa kuwasubiri wenzetu. Jua lilihama, hawakuja. Papa Abeli alirudi hadi njia panda, akarejea uso umebadilika.

"Njia mubaya nilifunga na majani," alisema. "Mwalimu nilimuambia asubuhi: ukiona majani chini, usipite. Nani aliondoa?"

Nilitazama maji. Yeye akaondoka mbio.

Neema alirudi jioni mgongoni mwake, matope hadi kifuani, akitetemeka. Wale wa nyuma walipokuta njia zote mbili ziko wazi, walichagua iliyo pana, nayo iliishia kwenye kinamasi. Mwalimu alimfokea Papa Abeli mbele yetu.

"Ulitaka kuua batoto ba watu!"

"Majani iliondolewa, Mwalimu."

"Na nani? Na kima?"

Wenzangu walicheka. Papa Abeli alimtua dada yangu polepole, akaniangalia, si kwa muda mrefu, akaokota panga lake. Hakuitwa tena kuongoza watoto wetu.

Neema tulimzika mwaka huu. Hospitalini aliwasimulia wauguzi habari za mtu aliyetaka kuwapoteza msituni, nami kando ya kitanda nilikuwa nikimnyooshea shuka. Dada yangu alikuwa mpole. Mbali na Papa Abeli, simjui mtu ambaye Neema alipata kumchukia. Siku tatu nilipata nafasi ya kumwambia ukweli, na siku zote tatu nilisema kesho.

Baada ya matanga nilipanda pikipiki hadi Komanda kumtafuta Papa Abeli. Zamani barabara ile ilipita kati ya kuta mbili za miti. Sasa ni mashamba na mbao zilizopangwa, na watu wanapimana kwa macho zaidi hata kuliko siku zile. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi.

"Unamutafutia nini?"

"Nilimukosea nikiwa mutoto."

"Weye ni mutu wa nani?"

Nilimweleza yote, nimesimama juani. Alisikiliza huku akiendelea kupanga ndizi zake. Kisha akatupa jicho kwenye nyumba moja ng'ambo ya barabara, akalirudisha upesi.

"Jina hiyo hatuijui hapa, papa."

Nilimwachia jina langu na la Neema, nikaondoka. Sikuwa na haki ya kumtaka aniamini.