Upande wa Kulia

Muuguzi wa sindano za kuondoa mikunjo ya uso pale Chang'ombe ya Dodoma hakuwa na picha za kuwaonyesha wateja, alikuwa na uso wake. Dawa zake mbili alijichoma siku moja kwenye paji, ile ya muda mfupi kushoto, ile inayodumu kulia, ili anayeshindwa kuchagua ajionee. Alimwambia kila mteja maneno yale yale, kwa sauti ya kubembeleza mtoto: "Kunja uso kama umeletewa habari ya msiba." Kisha akatia alama kwa penseli nyeupe palipojikunja.

Nasra, anayekaa mapokezi ofisi moja ya Mtumba na kusemwa kila siku kwamba amenuna, alikuwa amekunja uso mara tatu na bado hajaamua, simu ya muuguzi ilipoita.

"Mama? Saa ngapi? Mbona asubuhi wamesema amekunywa uji?"

Nasra alishindwa kuyaondoa macho. Kushoto dawa ilikuwa imeshaisha nguvu. Nyusi zilishuka, paji likajikunja mistari mitatu ya mtu aliyefiwa. Kulia palibaki laini kama sahani, ingawa macho yote mawili yalitoka machozi.

"Inna lillahi. Pole, dada. Nitarudi siku nyingine."

"Kaa." Muuguzi alijifuta kwa pamba ya spiriti aliyomwandalia Nasra. "Basi la kwenda msibani Kondoa ni saa nane. Umeshaona mwenyewe. Nikuchome ipi?"

Nasra alitaka kuinuka aondoke. Kilichoinuka ni kidole chake, kikaonyesha upande ambao haukufiwa.