Waliposema Nimelewa

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilipaka vitanda na makabati verni ya kung'arisha mbao katika karakana moja kwenye barabara ya kwenda Sake. Kila mkaaji wa Goma anajua vumbi letu jeusi la volkano. Likitua juu ya verni mbichi, kabati linakuwa kama limemwagiwa mchanga, na mteja hachukui. Kwa hiyo tulipaka mlango ukiwa umefungwa na madirisha yamezibwa kwa shitingi za plastiki. Aliyeziba vizuri kuliko wote ni mimi, na nilijisifu kwa hilo. Harufu ya diliyan, ile dawa ya kulainisha verni, ilitupanda kichwani hadi tukacheka bila sababu. Jioni tulikunywa maziwa ya Masisi, tukiamini yanasafisha kifua.

Akili ilianza kunitoka polepole. Nilikwenda soko la Kituku, kando ya ziwa, kununua samaki wadogo wa sambaza, nikasimama kando ya mitumbwi nisijue nimefuata nini. Mikono ilitetemeka. Nikawa mtu wa hasira. Siku moja nilimrushia mke wangu sahani ya bugari, ugali wetu, kwa sababu mboga ilipungua chumvi. Kuna siku nilirudi nyumbani nikiyumba. Majirani wakasema muzee anakunywa. Mke wangu alininusa nguo, lakini verni ilifunika kila harufu, naye akaamini majirani.

Nilikwenda hospitali peke yangu. Daktari aliniuliza maswali mengi kuhusu kazi, kisha akaniambia wazi: mvuke wa diliyan umeumiza ubongo wangu. Kilichopotea huenda kisirudi, ila nikiacha kazi ile huenda ugonjwa usizidi. Niliacha. Nyumbani nilisema nimepewa dawa za presha.

Nilificha kwa sababu ya binti yangu wa mwisho. Alikuwa ameshachumbiwa, na kwetu watu wa upande wa mume huulizia kwanza kama katika ukoo kuna ugonjwa wa kichwa. Baba mlevi watu humcheka, halafu wanaoa binti yake. Baba mwenye kichwa kibovu, watu humkimbia yeye na binti yake.

Siku ya mahari ilifika. Desturi ni kwamba baba amwite binti kwa jina, amuulize mbele ya wote kama anawajua wageni hawa na kama vitu vyao vipokelewe. Nilisimama. Jina la mtoto wangu, nililompa mwenyewe, halikuja. Nilifungua mdomo na kuufunga.

"Muzee, ao ulisha kumupa bwana mwingine?" msemaji wa wakwe aliuliza. Watu wakacheka.

Niliwatazama wageni mmoja mmoja, nikilitafuta jina lile.

"Basi, chupa ilitutangulia hapa," msemaji akaongeza.

Mdogo wangu, aliyekaa karibu nami, akainua mikono. "Mutusamehe, bakwe. Kaka yangu alianza kufurahi tangu asubuhi."

Kicheko kilijaa uwanja wote. Nami nikacheka. Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenilazimisha: nilipokuwa nakaa, niliyumba kidogo kwa makusudi ili wasadiki zaidi. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni akingoja kuitwa. Aliniona. Mdogo wangu akamwita badala yangu, naye akajibu maswali akitazama chini.

Ndoa ilifungwa. Miezi ilipita bila yeye kufika kwetu, kisha akaja siku moja mama yake akiwa kanisani.

"Papa, siku moja tu. Haungeweza kuvumilia siku ile moja?"

Nikamwambia yote: diliyan, daktari, jina lake lililonikimbia.

"Mama anajua?"

"Hapana."

"Huko kwa bwana wangu, nikikataa kumuwekea mutu pombe, wanasema mutoto wa mulevi amechoka kuiona. Na wewe ulijua ya kuwa si pombe."

"Nilijua."

"Nitaenda kuwaambia ukweli leo."

Alikuwa ameshachukua mkoba wake. Ningeweza kusema nenda, mwanangu, au hata kujitolea kufuatana naye. Badala yake nilimshika mkono, mimi baba yake, nikamwomba asiseme, kwa sababu niliogopa zaidi kuitwa kichaa kuliko nilivyoogopa aibu yake.

Alitazama mkono wangu ukitetemeka juu ya wake. Akauondoa taratibu, bila hasira, akaenda kuwaambia.